Kwa tunaofuata mzigo Kariakoo kutoka Kigoma: chagua loji moja uwe mtu wao, acha kuhamahama

MtuWaMwanga:

Wakuu habari za asubuhi, mwakeye kwa ndugu zangu wa Kasulu na Buhigwe. Nimeona niweke uzi huu maana hapa sokoni Mwanga haipiti wiki sijaulizwa "ukienda Dar unalalaga wapi", na ukimjibu mtu huku unahudumia wateja unamjibu nusunusu. Nauza viatu vya watoto na vyombo vya plastiki, mzigo wote unatoka Kariakoo, na ni miaka sasa nalala loji ileile. Jina silitaji, sijaja kumtangazia mtu biashara, nataka tuongee namna ya kuchagua na namna ya kuishi nao.

Msimamo wangu ni huu: kama unaenda mara kwa mara acha kutafuta gesti ya bei chee kila safari. Tafuta loji moja ya kawaida, safi, karibu na maduka unayonunua, alafu uwe mtu wao. Ile elfu tano au elfu kumi unayoikimbilia Manzese inarudi yote na zaidi, nitaeleza inarudije.

Nianze na saa, maana hapa ndo watu wanaumia bila kujua. Loji nyingi siku yao inaisha saa nne asubuhi. Zamani mabasi yalikuwa hayaruhusiwi kutembea usiku wa manane kwahiyo ulikuwa unajua utaingia mjini saa ngapi, lakini tangu 2023 yaliporuhusiwa kutembea saa 24 basi la kutoka kwetu linaweza kukushusha pale stendi ya Magufuli Mbezi saa nane usiku, saa tisa, saa kumi, inategemea limepita Uvinza na Tabora au limezunguka Kasulu, Kibondo, Nyakanazi likatokea Kahama. Sasa unafika loji saa kumi alfajiri mgongo wote unauma, unalipa, unalala, saa nne mhudumu anagonga mlango siku yako imeisha lipa nyingine. Masaa sita umelipia siku nzima! Mteja anayejulikana hafanyiwi hivyo. Mimi nikifika Dodoma napiga simu, namwambia dada wa mapokezi naingia alfajiri, kama chumba kipo ananishikia na kwenye kitabu ananiandika kuanzia asubuhi ile. Kama hakipo nakaa kwenye makochi pale mapokezi, naoga bafu la nje, begi langu liko nyuma ya kaunta, maduka yakianza kufunguliwa naingia mtaani. Hela ya siku nzima imebaki mfukoni.

La pili ni mzigo na kwangu mimi hili ndo kubwa kuliko yote. Kariakoo hununui sehemu moja ukamaliza. Unaanzia mtaa wa Kongo, unakatiza Mchikichi, unajikuta Sikukuu, unarudi Msimbazi kuulizia saizi ulizokosa asubuhi, mwenye duka anakwambia njoo kesho kontena linashushwa. Kila duka unatoka na kiroba. Huwezi kuzunguka navyo na huwezi kuviacha kwa machinga usiyemjua. Pale ninapolala kuna kichumba chini ya ngazi, hakina hata dirisha, mlango wa bati una kufuli mbili. Ukifunguliwa unakuta viroba na mifuko ya shangazi kaja imepandana mpaka juu, kila mmoja umeandikwa kwa maka peni: KGM MWANGA, MPANDA, TABORA NG'AMBO, SUMBAWANGA. Hao wote ni watu kama sisi, wameacha mzigo wakaenda kutafuta mwingine, na wengine wameshasafiri kabisa, mlinzi ndo atausimamia mpaka ufike ofisi ya malori. Mimi mwenyewe nimeshaondoka na basi nikaacha viroba vyangu pale, kesho yake mlinzi akavipakia kwenye guta akavipeleka kwa wasafirishaji, akanitumia picha ya risiti. Huduma hiyo haipo kwenye bango la bei, unapewa kwa sababu wanakujua jina, duka lako lilipo, na wanajua utarudi.

Kuhusu chumba chenyewe msitegemee makubwa. Loji nyingi za Kariakoo ziko juu ya maduka, mlango wake ni ngazi nyembamba kati ya duka la mapazia na duka la simu, usipoangalia juu ukaona kibao unapita. Unapanda mpaka ghorofa ya pili au ya tatu, unakuta kaunta, dada amekaa na kitabu cha wageni kimechorwa mistari kwa rula: jina, kabila, unatoka wapi, unaenda wapi, kazi, sahihi. Singo ya feni yenye choo ndani, kitanda, neti, kioo, kiti cha plastiki, ndoo na kopo bafuni, dirisha linaangalia ukuta wa jirani. Bei nilizozoea ni kama elfu thelathini mpaka hamsini, ya juu ni yenye AC. Dirisha la kuangalia ukuta lisikukatishe tamaa, ndo zuri. Chumba cha mbele barabarani utasikia spika za maduka mpaka jioni na mikokoteni ikianza alfajiri. Omba chumba cha nyuma.

Kabla hujalipa ingia bafuni fungua bomba. Maji yakija kidogo kidogo uliza tenki linajazwa saa ngapi, wakibabaika toka. Angalia soketi iko wapi, maana siku nzima unapiga picha za mzigo unatumia wateja wa huku, simu ikizima umekwama. Uliza kama kuna jenereta. Na kama kuna lifti usiihesabu, umeme ukikatika utapanda na viroba kwa mguu, kwahiyo chumba kisizidi ghorofa ya tatu.

Hii ninayolala ni ya mwenye loji zaidi ya moja. Kuna ya Kariakoo, kuna ndogo kule Mbezi si mbali na stendi, na ingine Dodoma. Naona watu wanadharau loji za matawi wanasema hazina utu, mimi nasema zimenisaidia. Nikikosa Kariakoo dada anapiga Mbezi nalala kule bei ileile, mashuka yaleyale, sianzi kujieleza upya mimi nani. Ubaya upo: bei inapangwa na ofisi, dada hana mamlaka ya kukupunguzia hata elfu mbili, na meneja akibadilishwa inabidi ujitambulishe tena. Lakini kitabu kinabaki, jina lako limo kurasa na kurasa, meneja mpya akikifungua anakuona.

Karibuni tuongeze, tukosoane.

DogoKasulu:

Asante kaka kwa uzi. Ila swali, si bora kulala kwa ndugu tu? Mimi nina baba mdogo Gongo la Mboto, nikienda nalala kwake bure, hiyo hela ya loji naongezea kwenye mzigo.

MtuWaMwanga:

Mdogo wangu nakuelewa na simwambii mtu awakimbie ndugu zake. Ila piga hesabu vizuri. Huwezi kwenda kwa baba mdogo mikono mitupu, utabeba dagaa, utabeba mawese, jioni utapita dukani ununue sukari na mkate, watoto wapo, mmoja hajalipiwa kitu shuleni na wewe ndo umetoka kufanya biashara. Hayo yote ni mema na tunayafanya kwa moyo, ila siyo bure. Alafu muda: Gongo la Mboto mpaka Kariakoo asubuhi na foleni ile, uamke saa kumi na moja, jioni urudi na viroba kwenye daladala kondakta akutoze viti viwili. Na wenyeji hawali mpaka ufike, wanakusubiri, wewe bado uko kwenye kufunga mzigo saa moja usiku.

Mimi nilichofanya ni hivi, nalala loji siku za kazi, nikimaliza mzigo siku ya mwisho naenda kwa ndugu nimetulia, nalala kwao usiku mmoja, tunaongea mpaka usiku. Wamefurahi zaidi kuliko nilivyokuwa naingia na kutoka kama mpangaji.

NyamweziHalisi:

Mkuu umetusahau sisi wa Tabora. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mpaka Dodoma mwaka 2024 wengi tumebadili safari. Tunapanda basi mpaka Dodoma, pale tunaunganisha treni, na ile treni ukishuka Dar uko mjini kabisa, bajaji mpaka Kariakoo ni dakika chache. Ule mchezo wa kushuka Mbezi usiku wa manane na kuanza kubishana na bodaboda mimi nimeuacha. Ila inabidi nilale Dodoma ili niwahi treni ya asubuhi, sasa hapo naona kama nalipa loji mara mbili.

MtuWaMwanga:

Ndugu yangu wa Tabora, watani zetu, siwezi kuwasahau. Hapo hulipi mara mbili kama utapanga. Ulale Dodoma kwa usingizi wa kweli, uingie Kariakoo mchana umepumzika, uanze kununua siku ileile. Anayeshuka Mbezi saa tisa usiku kesho yake ananunua huku anasinzia, na mtu anayesinzia Kariakoo anauziwa saizi mchanganyiko anakuja kugundua akishafika kwake. Kwetu Kigoma bado tunasubiri, mkataba wa kipande cha Tabora mpaka Kigoma ulisainiwa Desemba 2022, kilometa 506, siku treni hiyo ikifika huu uzi tutauandika upya.

MamaKibirizi:

Hongera baba kwa kutufungua macho. Na mimi niongee upande wetu kina mama maana hamtusemei. Mimi napeleka dagaa Dar narudi na vitenge na nguo za ndani. Kwa mwanamke kitu cha kwanza cha kuangalia ni loji hiyo inapokea watu wa aina gani. Ukikuta wanapangisha chumba kwa masaa, watu wanaingia na kutoka, chini kuna baa, usilale hapo hata iwe bei gani. Utagongewa mlango usiku na mlevi amekosea chumba, au hajakosea. Kaa mapokezi nusu saa ujifanye unasubiri mtu, utaona mwenyewe. Mimi loji yangu ukienda na mgeni anaishia kwenye makochi, asiyeandikishwa hapandi juu, mwanzoni nilidhani ni ukali, sasa ndo kitu ninachowapendea.

Ingine, mlango uwe na komeo la ndani achana na kitasa, na ukiingia chumbani jaribu funguo ukiwa ndani na ukiwa nje. Na mwambie dada wa mapokezi akikuulizia mtu asitaje namba ya chumba, akupigie simu kwanza. Dada akikushangaa kwa ombi hilo, hapo si pa kulala.

Na kwa wenzangu wa dagaa: msiingie na magunia loji. Hata umpende mhudumu vipi harufu inakaa kwenye godoro, mgeni anayefuata analalamika, dada anakatwa mshahara. Shusha kwanza sokoni kwa mteja wako, badili nguo, ndo uende loji. Mimi huwa nafunga kilo mbili kwenye ndoo ya mfuniko, namkabidhi dada nje kabisa aondoke nazo kwake. Wanakumbuka sana.

MtuWaMwanga:

Mama shikamoo, umeongea vitu ambavyo mimi nisingeviona. Hilo la kukaa mapokezi nusu saa hata wanaume tulifuate.

KwaBeiNafuu:

Mimi napingana na mtoa mada. Kariakoo mnalipia jina tu. Nalala Magomeni gesti ya elfu kumi na tano, safi, mtaa umetulia, natoka nje napanda mwendokasi vituo kadhaa niko Msimbazi. Tofauti ya bei kwa siku nne ni bando zima la viatu. Kujulikana unajulikana popote, hata mimi Magomeni wananijua.

MtuWaMwanga:

Mkuu hoja yako ina uzito na kama mzigo wako ni mdogo, wa begi moja, Magomeni inakufaa kabisa. Sikatai. Ila mambo mawili. Mwendokasi jioni kutoka Kariakoo na kiroba cha kilo thelathini unaingilia wapi? Utakodi bajaji au kirikuu, siku nne hizo tofauti ya bei imekwisha. Na masika je? Mvua kubwa ikinyesha Jangwani panajaa maji, barabara inafungwa, mwendokasi unasimama, wewe uko Magomeni mzigo uko Kariakoo na lori la Kigoma linapakia leo. Mwaka mzima sawa, ila Machi mpaka Mei mimi silali ng'ambo ile ya Jangwani.

KwaBeiNafuu:

Hilo la Jangwani nakubali, lilishanikuta. Kwa masika nitajaribu upande huo.

UjijiMpakaChina:

Nachangia kidogo kwa waliopanua biashara. Nimefika Guangzhou kufuata mzigo na kule ndo nilielewa maana ya hoteli ya matawi ya bei nafuu. Kuna kampuni inaitwa 7 Days Inn, ilianzia hukohuko Guangzhou mwaka 2005, nilikuwa nalala kwao. Chumba ukikiona kimoja umeviona vyote, kitanda palepale, birika la umeme palepale, swichi palepale, unaweza kuwasha taa gizani tawi ambalo hujawahi kufika. Kwa mtu anayefika amechoka na lugha haijui hiyo ni raha kubwa. Paspoti yako wanaisajili maana hoteli inatakiwa kuandikisha mgeni kwa polisi, na unaacha hela ya dhamana unarudishiwa ukikabidhi chumba, tunza ile karatasi. Angalizo, kipindi kile si kila tawi lilipokea wageni wa nje, ulikuwa unaweza kulipia mtandaoni ukafika wakakukatalia, kwahiyo uliza kabla.

Ila kichumba cha chini ya ngazi chenye viroba vya Mpanda na Sumbawanga sikukiona kule. Mzigo unashughulika nao mwenyewe au unampa wakala wako. Ndo maana nakubaliana na mtoa mada, kila nikirudi Kariakoo naenda kwa walewale.

KaliuaMchana:

Naomba kuuliza, tukiwa wawili na mwenzangu, tukachukue chumba kimoja cha dabo tugawane si nafuu?

MtuWaMwanga:

Uliza kabla ya kusafiri. Loji nyingi hawapokei wanaume wawili chumba kimoja, utakuta wameandika kabisa ukutani, kwahiyo kwenye bajeti yenu wekeni singo mbili. Mnachoweza kugawana ni guta na lori, na hapo ndo kwenye hela.

DogoKasulu:

Kaka swali la mwisho. Nikiacha mzigo loji nikasafiri, ukipungua nitamdai nani? Maana hakuna risiti ya kuacha mzigo.

MtuWaMwanga:

Swali zuri sana hili, na ndo maana hata kwa watu ninaowaamini siachi mzigo kienyeji. Kwanza fedha haiachwi kaunta, hela ya mzigo iache kwenye simu au benki utoe ya siku hiyo tu, lipa namba karibu kila duka wanayo. Kwa mzigo fanya hivi: chukua karatasi andika idadi ya viroba, siyo vilivyomo ndani, idadi na rangi na alama uliyoweka. Fanya nakala mbili. Dada wa mapokezi asaini zote, mlinzi wa zamu asaini, moja ibaki kwenye kitabu cha wageni ukurasa wenye jina lako, moja uondoke nayo. Mdomo wa kiroba ushone kwa uzi wa rangi yako mwenyewe ambao si wa dukani pale, mimi natumia uzi wa nyavu wa bluu, naununua huku kwa wavuvi wa Katonga, ukifunguliwa ukashonwa upya utajua hapohapo. Piga picha viroba vikiwa vimepangwa, dada akiwa amesimama pembeni, mtumie na yeye. Mlinzi mpe chochote kabla hujaondoka na kingine mzigo ukishapanda lori, usimpe yote mwanzo. Na namba ya dereva wa lori aipate mlinzi na aipate mkeo au kijana wako wa dukani, maana wewe utakuwa kwenye basi sehemu nyingine mtandao hakuna.